Maji ya Tambi

Sajini Jeconia Opiyo alinawa mikono, na msichana wa hoteli akageukia ukuta kuficha kicheko.

Alikuwa amekuja kwa kazi, si kwa njaa. Lakini huwezi kukaa katika hoteli ya mtu asubuhi nzima ukimhoji bila kuagiza chochote, na katika hoteli ya Mzee Hirano, pale mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Thika, hakukuwa na cha kuagiza ila tambi. Wala si zile tambi za sukari. Hizi zilikuwa za kijivu, zimekandwa kwa mkono kutoka unga wa ngano nyeusi, zimekatwa nyembamba, zimechemshwa, zimepozwa kwa maji baridi na kulazwa juu ya ungo mdogo wa mianzi. Kando yake kikombe cha mchuzi mweusi. Unaokota tambi kwa vijiti viwili, ukiweza, unachovya, unavuta kwa mdomo, na sauti ikitoka hakuna wa kukukaripia.

Opiyo alivuta mara moja akasita. Omena! Mle ndani ya mchuzi wa Mjapani mlikuwa na omena, dagaa wa ziwani, tena aliyekaushwa akakauka kweli. Hirano alieleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba samaki wa kwao hapatikani Kenya, kwa hiyo huagiza omena kutoka Kisumu kwa gari la moshi. Sasa, Opiyo alikuwa amepigana Burma. Alirudi kutoka kule akiwa ameapa kwamba hatakula meza moja na Mjapani mpaka aingie kaburini. Alimaliza ungo mzima, akadonoa hata vipande vilivyonasa kwenye mianzi, na kiapo akakiweka kando hadi siku nyingine.

Ndipo Idah Nelima, msichana wa Bungoma aliyehudumu mezani, akaleta birika la mbao lenye maji moto, meupe kidogo kama yale ya kuoshea mchele. Opiyo alifanya kama anavyofanya kila mtu aliyelelewa na mama. Alikinga vidole juu ya bakuli tupu lililokuwa mezani, akajimiminia, akasugua, akajipangusa kwa leso.

"Pole, afande," Idah alisema alipoweza kusema. "Hayo ni ya kunywa."

Akamweleza. Maji yale ndiyo yaliyochemshiwa tambi. Ukimaliza kula unayamimina ndani ya kikombe, juu ya mchuzi uliobaki, unakunywa kama supu. Opiyo aliviangalia vidole vyake safi, akauliza kwa ukali kidogo mbona hakuambiwa mapema. Idah akasema Mzee Hirano amekataza. Kwa Mzee, kumfundisha mgeni kula kabla hajakosea ni kumwambia kwamba hana adabu. Basi wote hunawa. Pasta alinawa. Mhindi wa duka la vitambaa alinawa, akaomba na sabuni. Mke wa bwana mkubwa wa wilaya alichovya ncha za vidole kama wanavyofanya Wazungu kwenye karamu zao. Na aliyekwisha kunawa hamwonyi mwenzake hata siku moja. Anamleta kwa makusudi, akae pembeni amcheke.

"Kila mtu?" Opiyo aliuliza.

"Kila mtu, afande. Thika yote imenawia hapa."

"Hakuna hata mmoja aliyekunywa siku yake ya kwanza?"

Idah alifikiri. "Labda wale Wajapani wa kiwandani."

Opiyo alikunja leso yake polepole. Akamwomba Idah alete birika lingine, akamimina, akanywa. Yalikuwa matamu.

Tuelewane kwanza juu ya mambo yaliyomleta pale. Jumatano ya wiki ile, mwili wa Munyao, dereva wa lori, ulikutwa kando ya mto Ruiru, nyuma ya stoo ya shamba moja la kahawa. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa. Kando yake palikuwa na mti mrefu, laini, mnene kama kifundo cha mkono. Polisi waliuandika rungu. Haukuwa rungu. Ulikuwa mti wa kusukumia unga wa tambi, na Kenya nzima mtu aliyekuwa na mti wa namna ile ni Hirano, na aliyeutumia kila siku alikuwa mpishi wake, Bedan Kagwe.

Bedan alikuwa na kila dalili ya mtu wa kunyongwa. Alikuwa ametoka kambini mwaka ule ule, baada ya kuzungushwa kizuizini tangu serikali ya wakoloni itangaze Hali ya Hatari. Aliishi kijiji cha Gatongora, huko huko Ruiru, si mbali na mto wenyewe. Na wiki moja kabla alikuwa amemfokea Munyao barabarani, mbele ya watu, kwa sababu ya mchanga. Shamba lile la Ruiru ndilo lililomlimia Hirano ngano nyeusi, katikati ya mistari ya kahawa, na Munyao ndiye aliyeileta. Magunia yalikuwa yakija na mchanga ndani. Mchanga huo uliharibu jiwe la kusagia na kuwavunja wateja meno. Bedan alisema, na nusu ya mtaa ilimsikia, kwamba akiuona tena atamvunja Munyao kiuno.

Bedan mwenyewe alisimulia habari moja tu, na hakuibadilisha. Jumanne alasiri, hoteli ikiwa imefungwa, Mzee Hirano amelala na Idah yuko sokoni, alikuja Nzomo, karani wa stoo ya shamba. Alikuja kuchukua magunia matupu kwa kuwa lori la Munyao lilikuwa limepelekwa Nairobi na kahawa. Alikula tambi zilizobaki, palepale jikoni, kama alivyozoea kila apitapo. Halafu akafunga magunia uani wakati Bedan akiosha masufuria. Jioni Bedan alipoutafuta mti wake hakuuona.

Nzomo naye alikuwa na yake. Ndiyo, Jumanne alikuwa Thika, alinunua misumari. Magunia yaliletwa Jumatatu na marehemu Munyao, Mungu amrehemu. Hoteli ya Mjapani hajawahi kuingia tangu azaliwe. Akatia sahihi. Nzomo alikuwa mzee wa kanisa, karani wa miaka mingi, na wakati wa Hali ya Hatari hakuna aliyemtilia shaka. Kati ya neno lake na neno la mtu wa kambini, hakuna hakimu ambaye angehangaika kuchagua. Jumatatu Bedan angepelekwa Nairobi kushtakiwa kwa mauaji, na safari ile watu wa aina yake hawakuwa wakirudi.

Opiyo alitoka hotelini akaenda moja kwa moja kituoni.

Nje ya lango alimkuta Warigia, mke wa Bedan, amesimama na kikapu chake. Askari walikuwa wamekataa chakula chake, na bado alikuwa amesimama. Opiyo alimwambia aende nyumbani. Warigia hakulia wala hakupandisha sauti.

"Miaka yote ile nilizoea nyumba bila yeye," alisema. "Amerudi, nikaanza kujifunza tena kupika ya watu wawili. Sasa mnataka nizoee nini, afande?"

 Opiyo alichukua kikapu akaingia nacho ndani mwenyewe, na askari wa zamu alipofungua mdomo, alimtazama tu mpaka akaufunga.

Bedan alikula kwanza. Mikono yake ilikuwa na nguvu za mtu anayekanda unga mgumu kila siku, na sasa ilimega viazi vya kikapuni. Opiyo alimwacha ashibe ndipo akauliza mbona Mzee Hirano hakujua kwamba Nzomo hula kwake. Bedan akasema Mzee alitaka tambi zilizobaki zitupwe. Tambi ikikaa, kwa Mzee, si chakula tena. Yeye Bedan amelala njaa kambini, hawezi kutupa chakula. Alimpa Nzomo kwa siri, na ndiyo maana hakuna shahidi.

"Siku ya kwanza alipokula kwako," Opiyo aliuliza, "yale maji ya mwisho, Nzomo aliyafanya nini?"

Bedan alimwangalia kana kwamba ameulizwa rangi ya viatu vya hakimu. "Alikunywa."

"Hakunawa?"

"Angenawaje? Nilimmiminia mwenyewe kwenye kikombe. Jikoni hakuna mambo ya kungoja mgeni akosee."

"Amewahi kula kule mbele, mezani, na watu?"

"Hata siku moja."

"Basi," Opiyo alisema, akainuka. Bedan aliuliza kama jambo lile lina maana yoyote. Opiyo akamwambia amalize viazi.

Kazi ngumu ilikuwa Inspekta Whitcombe. Mzungu yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kumaliza faili. Ana silaha, ana ugomvi, ana mtu wa kambini: alitaka nini zaidi? Opiyo alimkumbusha habari ya mchanga. Alikuwa ameukusanya mwenyewe kutoka magunia ya Hirano, akautia ndani ya kiberiti, akamwonyesha. Ulikuwa mweusi na laini. Barabara ya Ruiru hadi Thika ni murram, changarawe nyekundu, mwanzo mpaka mwisho. Dereva akiiba ngano njiani na kujazia uchafu, atachota alichonacho miguuni, yaani udongo mwekundu. Huu ulikuwa wa mto.

Inspekta alikitikisa kiberiti, akasema mto uko Ruiru, na Bedan anaishi Ruiru. Hapo Opiyo alikaribia kukasirika. Akauma ulimi. Akaomba kitu kimoja tu: kesho, Jumamosi, Inspekta aje kula chakula cha mchana kwa Mjapani, Nzomo awepo, na asiulize kitu mpaka sahani ziondolewe. Kama hataona chochote, Jumatatu Opiyo atamfunga Bedan pingu kwa mkono wake.

Inspekta aliuliza chakula chenyewe ni nini. Alipoambiwa, alikunja uso, lakini alikubali.

Asubuhi iliyofuata Opiyo alishuka Ruiru kwa Landrova ya kituo. Stoo ya shamba ilikuwa juu kidogo ya ukingo wa mto, na pale chini palikuwa na shimo ambapo watu walichimba mchanga wa kujengea. Opiyo aliinama, akauchukua kidogo, akausugua kiganjani. Mweusi, laini. Akajipangusa, akapanda hadi stoo akiwa na uso wa mtu mchangamfu.

Nzomo alikuwa mtu safi. Kola yake ilikuwa imenyooshwa, kalamu mfukoni, na magunia matupu yamepangwa nyuma yake yakiwa yamekunjwa sawasawa. Nje, wanawe wadogo walivaa sare za shule hata siku ya Jumamosi, na nyumba aliyopewa na bwana shamba ilikuwa ya mawe. Opiyo aliitazama nyumba ile kwa muda. Mtu akifukuzwa kazi ya namna hii, alijiambia, hapotezi mshahara peke yake.

Alimwambia Nzomo kwamba Inspekta anamhitaji. Kesi inaandaliwa, na wanataka mtu anayeaminika aione hoteli yenyewe, ili aweze kueleza mahakamani jinsi mpishi alivyoweza kutoka mlango wa nyuma na mti wake bila kuonekana. Chakula juu ya serikali.

"Lakini mimi huko sijawahi kutia mguu, sajini," Nzomo alisema.

"Ndiyo maana tunakutaka wewe. Tunataka macho mageni."

Nzomo alirekebisha kola. Akamwita mkewe amletee koti.

Walikaa watatu, Inspekta, Nzomo na Opiyo, kwenye meza ya karibu na jikoni. Hirano alikanda mwenyewe siku ile kwa kuwa hakuwa na mpishi. Kupitia dirisha la jikoni walimwona akisukuma unga kwa mti wa akiba, akiukunja kama shuka, akikata kwa kisu kipana, tak, tak, tak. Idah aliambiwa jambo moja tu: afanye anavyofanya kila siku.

Na Nzomo, jamani, alijua kuigiza. Ungo ulipofika aliuinamia, akaunusa, akauliza kama ni minyoo. Alivishika vijiti kama mtu anayeshika sindano mbili za kufumia, vikamponyoka, akacheka, akaomba uma. Inspekta naye aliomba uma. Nzomo alichovya tambi nyingi mno, mchuzi ukamrukia kola ile safi, akasema Waafrika wana ugali wao na hakuna haja ya kujitesa. Alipovuta tambi alifanya hivyo kimya kimya, kwa aibu, kama mtu asiyejua kwamba pale sauti inaruhusiwa. Aliwaza kila kitu. Opiyo alimtazama akaanza kuogopa, kwa maana kama mtu huyu amefikiria hadi sauti ya mdomo, huenda hata hili lingine amelifikiria. Bedan alikuwa ndani, siku yake ya Jumatatu inakuja, na Opiyo alikuwa ameyaweka maisha ya Bedan yote juu ya birika la mbao.

Inspekta alikula na kukaa kimya kama alivyoahidi. Alipomaliza alikiri, kwa mshangao, kwamba amewahi kula vibaya zaidi ya hapo. Nzomo alicheka naye. Akafungua kifungo cha koti. Alianza kueleza, bila kuulizwa, jinsi mlango wa nyuma, aliokuwa ameonyeshwa walipofika, unavyofichwa na tangi la maji, jinsi mtu anavyoweza kupita bila kuonekana kutoka barabarani. Alikuwa ameshakula, ameshasifiwa, ameshapona. Idah akaja na mabirika, moja moja mbele ya kila mtu, akaondoka.

Inspekta Whitcombe, bila kufikiri, alikinga vidole juu ya bakuli, akajimiminia na kuomba kitambaa.

Nzomo alikuwa bado anaongea. Alilishika birika, akamimina ndani ya kikombe cha mchuzi, akakizungusha mara mbili ili mchuzi uchanganyike, akapuliza, akanywa. Akanywa tena. Alikuwa kwenye habari ya tangi la maji, na hakuikatiza.

Opiyo hakusogea. Inspekta alikuwa ameshika leso, vidole vikidondosha maji. Alimwangalia Nzomo, akaangalia bakuli lake, akamwangalia Idah aliyekuwa amesimama mlangoni na trei kifuani. Uso ukaanza kumbadilika, kutoka shingoni kwenda juu.

"Bwana Nzomo," Opiyo alisema, "unakunywa maji ya kunawa?"

Nzomo alikitazama kikombe. Akawatazama. Akaona vidole vya Inspekta.

Hapo ndipo palikuwa na kosa lake, na Opiyo alilifikiria kwa miaka baadaye. Nzomo alijua jinsi mshamba wa vijiti anavyofanya, kwa kuwa aliwahi kuwa mshamba wa vijiti. Alijua jinsi mshamba wa mchuzi anavyofanya. Lakini mshamba wa maji hakuwahi kumwona, wala kuwa yeye mwenyewe, kwa sababu Bedan alimmiminia siku ya kwanza kwa ukarimu. Angejuaje kwamba ilimpasa anawe? Alidhani kila mtu hunywa.

"Nilikuwa na kiu," alisema.

"Ukakizungusha kwanza."

"Munyao aliniambia. Alikuwa akija hapa, aliniambia ndivyo wanavyofanya."

Opiyo alimwita Idah, akamuuliza kama marehemu Munyao aliwahi kula pale. Idah alisema hapana. Munyao alishusha magunia, akakaa ndani ya lori lake na kula muthokoi wake wa mahindi ya kukoboa aliokuja nao kwenye kopo. Walimkaribisha mpaka wakachoka. Alisema hawezi kula kitu kinachofanana na kamba za viatu, na jinsi kinavyoliwa hakutaka hata kuona. Hirano alitoa kichwa dirishani akasema ni kweli, yule dereva hakuonja hata kidogo, na ilimuuma.

"Nani mwingine alikufundisha?" Opiyo aliuliza.

Nzomo alikiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.  Inspekta alikumbuka karatasi iliyotiwa sahihi, akaitaja kwa Kiingereza, polepole, neno kwa neno: tangu azaliwe. Kisha akapangusa vidole, akasimama, akasema sasa wote wanakwenda Ruiru.

Walipanda Landrova. Opiyo alikuwa akifikiri juu ya Inspekta, ambaye kesho yake angeweza kuamka na kujiambia kwamba mtu kunywa supu si ushahidi. Alihitaji kitu cha kushika. Kwenye stoo aliomba magunia yote ya ngano nyeusi, akayageuza ndani nje, moja baada ya lingine, kwenye mwanga wa mlangoni. Nzomo alisimama karibu na ukuta. Mkewe alikuwa ametoka nyumbani, amewakusanya watoto, haelewi kitu.

Magunia yalitoa vumbi, makapi na punje mbili tatu. Gunia moja likatoa unga. Ulikuwa umeshika upande mmoja tu, mstari mrefu wa kijivu kutoka chini mpaka karibu na mdomo, kama vile kitu kirefu chenye unga kilisimamishwa mle ndani.

"Hapa shambani mnasaga?" Opiyo aliuliza.

 Aliyejibu alikuwa mkewe, pale nje, kwa sababu alidhani ni swali jepesi. Akasema hapana, hapa wanatoa punje tu, kusaga ni kule Thika kwa Mjapani.

Nzomo alifumba macho. Alipoyafumbua alimwomba Opiyo amtoe mke na watoto pale kwanza. Opiyo akafanya hivyo. Ndipo Nzomo akasema, akiwa ameketi juu ya magunia yake, na hakuomba kuhurumiwa. Alikuwa akipunguza ngano kidogo kidogo na kujazia mchanga wa mto. Lawama zilimwangukia Munyao, na Munyao hakuwa mtu wa kubeba mzigo usio wake. Alichunguza, akajua, akampa Nzomo mpaka Ijumaa aende mwenyewe kwa bwana shamba kuungama. Nzomo aliitazama nyumba ya mawe. Alijua habari za ugomvi wa barabarani. Alijua pia kwamba Bedan ametoka kambini, ndiyo maana akauiba mti wake ili autumie kumwua Munyao.

"Nilijua hata akisema ukweli hakuna atakayemsikiliza," alisema. "Hilo ndilo lililonipa nguvu."

Inspekta alimwomba Opiyo atafsiri sentensi ile. Opiyo aliitafsiri yote, bila kupunguza neno. Inspekta alitoka nje kuwasha sigara, na kiberiti kikamzimikia mara kadhaa.

Jua lilikuwa likishuka walipofika Thika. Opiyo mwenyewe alichukua funguo, akafungua mlango wa mahabusu, akamwambia Bedan kwamba Nzomo amekiri na yeye yuko huru. Alikuwa ametarajia labda kilio, labda shukrani. Alitaka shukrani, hilo lazima lisemwe, alikuwa amefanya kazi nzuri. Akamweleza habari yote, ya vijiti, ya minyoo, ya Inspekta kunawa, ya kikombe kuzungushwa.

Bedan alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa, viganja juu ya magoti.

"Mimi nilikuambia siku ya kwanza," alisema. "Nilikuambia alikuja, akala, akafunga magunia. Sikuongeza neno, sikupunguza."

"Ndiyo. Ulisema."

"Kwa hiyo Nzomo asingekunywa, mngeninyonga."

Opiyo alikuwa na maneno mengi ya kazi ambayo angeweza kuyasema hapo, ya ushahidi, ya sheria, ya utaratibu. 

"Ndiyo," alisema.

Bedan aliitikia kwa kichwa. Alichukua mshipi wake kutoka kwa askari wa zamu, akaufunga, akakung'uta suruali. Langoni Warigia alikuwa ameshamwona na hakukimbia, alishika tu chuma cha lango kwa mikono miwili. Bedan alipiga hatua kumwendea, kisha akasimama, akarudi mezani kwa Opiyo.

"Niandikie ruhusa ya njia, afande," alisema. "Kutoka hapa hadi Gatongora kuna askari njiani, na mimi sina cha kuwaonyesha ila ukweli."

Opiyo akaketi, akachukua kalamu, akaandika.